Sadaka Hairudi Nyuma

Mama Peniel akikwambia amekusamehe, mshukuru Mungu, lakini usilale usingizi wa pono. Si mtu mbaya, la hasha. Ukifiwa atafika na kuni kichwani kabla hujamaliza kulia. Ila mdhulumu, uone. Jina lake Asnath, kwao Kinyangiri kwa wafugaji, akaolewa hapa Itigi na Festo, mrina asali mwenye mizinga porini upande wa Rungwa. Mwanamke mfupi, mikono mipana, sauti ya kuitia ng'ombe. Na kuna kipindi mwanamke huyu hakuwa na haja nyingine duniani ila moja: kumwona fundi Godfrey ameinamisha kichwa mbele za watu.

Msimlaumu kabla hamjasikia.

Festo alikuwa na pikapu kuukuu iliyombebea asali miaka nenda rudi. Ikaanza kugonga mbele kushoto. Kila ikiingia shimoni, ko! ko! Festo akajua ni boljointi, kile kichwa cha chuma cha mviringo kinachocheza ndani ya kikombe chake na kulishika gurudumu la mbele lisimame wima. Kikiisha kabisa kinachomoka, gurudumu linalala, na gari linakwenda linakotaka lenyewe. Akaipeleka kwa Godfrey. Angeipeleka kwa nani tena? Godfrey alikuwa fundi, alikuwa mzee wa kanisa, na ndiye mpiga mnada wa usharika, mdomo umepakwa asali kuliko pipa la Festo. Alikuwa na desturi iliyomjengea jina: kila nati aliyoikaza aliipaka rangi nyekundu. "Ukiona nyekundu, kalale," alikuwa akijisifu. Festo akaambiwa boljointi mpya imefungwa, akaonyeshwa nyekundu, akaenda zake.

Safari ya kwanza tu, akirudi kutoka Rungwa na mapipa nyuma, gurudumu la kushoto likalala. Pikapu ikaacha njia, ikaingia kwenye vichaka vya Itigi, vile ambavyo hata mbuzi hupita kwa kuomba radhi. Mguu wa Festo ukavunjika juu ya goti. Sasa sikia balaa lilivyojua kupanga mambo yake. Pipa moja lilikuwa la asali iliyorinwa mbichi, ikachachuka, na alikuwa anaileta nyumbani mke wake akamue nta. Pipa likapasuka, likammwagikia Festo kuanzia kichwani. Asali iliyochachuka inanuka nini? Kila mtu wa Itigi anajua. Inanuka pombe.

Wa kwanza kufika na gari la kuvuta alikuwa Godfrey. Akalitazama gurudumu, akamtazama Festo, akavuta pumzi puani, akawageukia watu waliosimama barabarani. "Wapendwa, mnanusa wenyewe," akasema. "Mimi sina la kuongeza."

Hakuongeza, lakini lilitosha. Festo aliwahi kunywa ujanani, hilo halikuwa siri, na mtu aliyewahi kunywa watu humngoja tu arudie. Baraza la wazee likakaa, Godfrey akiwa mmoja wao, na Festo akatengwa. Hakuruhusiwa kwenye meza ya Bwana. Akawa anakokota magongo yake mpaka benchi la nyuma, na akina mama wakimpita wanashika pua kwa utani. Asnath aliwaona. Aliwahesabu kwa sura, na hakusahau hata mmoja.

Pikapu ikavutwa mpaka nyumbani, ikafunikwa turubai. Hapo ndipo Godfrey alipoanza kuja. Leo anapita, kesho anapita. "Shemeji, chuma kile kinaozea pale bure. Nipe nikuondolee." Asnath akamjibu kwamba bado analifikiria. Na kweli alikuwa analifikiria. Mtu mwenye gereji iliyojaa vyuma chakavu anakitakia nini kimoja zaidi?

Basi jioni moja Festo akaweka kijiko chini, akasema, "Mama Peniel, nimeamua kutubu. Mchungaji kanipangia Jumapili ya wiki ijayo."

"Kutubu nini?"

"Ulevi."

"Ulikunywa?"

"Unajua sikunywa."

"Sasa utatubu pombe aliyoinywa nani? Godfrey?"

Festo akashusha pumzi. Akasema amechoka kukaa nyuma kama mwizi wa kuku. Akasema Peniel anapata kipaimara mwaka huu, na baba aliyetengwa hasimami na mwanawe. "Nikitubu yanakwisha," akasema.

"Yanakwisha kwako! Kwake yeye ndiyo yanathibitika! Ukisimama pale mbele ukasema nilikunywa, nani tena atauliza kuhusu gurudumu?" Asnath akasukuma sahani mpaka ikagonga ukuta. "Baba Peniel, mimi nakuheshimu, lakini toba hiyo haitasemwa. Kesho nafungua gari."

"Utamwita fundi gani? Wote hapa wamefundishwa na Godfrey."

"Nani kasema namwita fundi?"

Tusidanganyane, Asnath hakuwa mgeni wa spana. Kila gari lilipoharibikia porini ni yeye aliyemshikia Festo taa na kumpa nyundo, na macho hayana pazia. Akaagiza boljointi mpya kutoka duka la spea Singida, ikaja na basi imefungwa kwenye mfuko. Mwenyewe akavaa suruali ya Festo, akajifunga kanga kiunoni, akavuta turubai. Festo akatolewa kiti nje, mguu kaunyoosha juu ya ndoo, akawa mwalimu.

"Jeki isikae kwenye udongo mtupu. Weka ubao."

Akaweka ubao. Pikapu ikainuka ikilalamika, naye akasukumia vigogo viwili vya mti mgumu chini yake, maana jeki ya zamani huwezi kuiamini kuliko ndugu wa mume. Akang'oa tairi. Huku chini kulikuwa na tope lililokauka na asali, siafu wameshafanya makazi. Akawamwagia mafuta ya taa, akawaomba radhi. Boljointi ilikuwa vipande viwili: kichwa kimebaki kwenye chuma kinachobeba gurudumu, kikombe kimebaki kwenye mkono wa chini.

"Usipige kichwa chenyewe," Festo akasema. "Piga ubavu wa chuma kinachokishika. Kitaachia kwa mshtuko."

Asnath akapiga. Pigo la kwanza lilikuwa la kujaribu. La pili lilikuwa la Godfrey. La tatu lilikuwa la wale akina mama walioshika pua, na hapo kichwa kikaruka, kikaanguka vumbini. Akakiokota, akakifuta na kanga. Kilikuwa kimeliwa upande mmoja, hakina mviringo tena.

"Mpya hii?" akauliza.

Festo akanyoosha mkono apewe, akakigeuza, akakigeuza tena.

Asnath akarudi chini kwenye kikombe. Nati zilikuwa nne, na chini ya tope, alipokwangua kwa kisu, zote nne zikatoa rangi nyekundu. Akamwagia dizeli, akangoja ilainishe kutu, akazifungua moja moja huku spana ikimchubua vidole. Kikombe kikatoka. Akaingiza kidole ndani kuondoa grisi, kidole kikakuta kitu laini. Akakivuta. Kikatoka kirefu, cheusi, kimekunjwa vizuri: kipande cha mpira wa tairi la baiskeli.

Wanajua watu wa magari huo mchezo. Kikombe kikilegea unakijaza mpira na grisi, kelele inanyamaza, mteja anafurahi. Haumalizi hata safari moja ya shimo na mzigo. Godfrey hakufunga kitu kipya. Alikifunga mdomo cha zamani, akakipaka nyekundu.

Asnath akakaa chini vumbini pale pale, mpira ukining'inia mkononi, akacheka. Kicheko hicho Festo hakukipenda.

"Mke wangu, sasa tunayo haki yetu. Nenda ofisini kwa mchungaji, umwonyeshe kwa utaratibu. Watamwita Godfrey, watayamaliza."

"Ofisini?" Asnath akasimama. "Wewe ulitukanwa ofisini? Ulitukanwa barabarani, watu wote wanasikia! Ukatengwa kanisani, watu wote wanaona! Halafu yeye aumbuke ofisini, mlango umefungwa, atoke hapo amefuta jasho aende akapige mnada? Ng'o!"

"Kisasi ni cha Bwana, mama Peniel."

"Sawa, ni cha Bwana. Ndiyo maana nitampelekea Bwana mwenyewe."

Akaimalizia kazi kwanza, maana hasira haikumharibia mikono. Akafunga boljointi mpya, akakaza nati kwa kuning'inia kwenye spana kwa uzito wake wote, akachomeka pini na kuikunja. Akarudisha tairi, akalishika juu na chini, akalitikisa. Halikucheza. Kile kibovu akakipangusa, akakirudishia nati zake nyekundu, akauacha ulimi wa mpira ukichungulia, akakifunga kwenye kitambaa cheupe cha meza alichokidarizi mwenyewe.

Sasa lazima ujue desturi ya usharika wetu. Asiye na fedha huleta alichonacho: mayai, karanga, jogoo, chupa ya asali. Vinawekwa madhabahuni, vinaombewa, halafu ibada ikiisha vinanadiwa uwanjani. Na kilichokwisha kuombewa hakirudi nyumbani. Mpiga mnada hukiinua juu, akakitaja jina na hali yake bila uongo, kwa kuwa sasa ni mali ya Mungu, na kikikosa mnunuzi anakinunua yeye mwenyewe. Godfrey ndiye aliyekuwa mkali wa sheria hiyo kuliko wote. Mwaka mmoja alimnunua bata kilema, watu wakacheka, na yeye akacheka nao na kusema, "Sadaka hairudi nyuma!"

Jumapili ikafika, ile ya kabla ya toba. Asnath akaendesha pikapu mwenyewe mpaka kanisani, Festo kando yake. Watu wakageuka. Godfrey alikuwa mlangoni akipokea waumini, akaliona gari limesimama kwa miguu yake minne, tabasamu likamganda usoni. Wakati wa matoleo Asnath akapanda na kifurushi chake cheupe, akakiweka kati ya karanga na mayai, akapiga goti. Mchungaji akaviombea vyote.

Uwanjani Godfrey akaanza kama kawaida yake. Jogoo wa mama fulani akamsifu mpaka jogoo mwenyewe akaona haya. Karanga zikaenda. Akashika kifurushi cheupe. "Haya wapendwa, kizito hiki, na kitambaa kimedariziwa! Tuone Mungu kaletewa nini!" Akafungua.

Akafunika haraka, akakiweka pembeni, akashika mayai.

"Kile vipi?" bibi mmoja akauliza.

"Kuna mtu kakosea, bibi. Si sadaka ile."

"Sijakosea," Asnath akasema, na mnajua sauti yake. "Ni yangu. Imeombewa. Sadaka hairudi nyuma."

"Hairudi nyuma!" akina mama wakaitikia, wakidhani ni mchezo.

Godfrey akakiinua. "Ni... ni spea ya gari."

"Ina jina," Asnath akasema. "Mbona jogoo ulimtaja mpaka ukucha?"

"Boljointi."

"Hali yake?"

Ndipo Michael, dereva wa lori, akasogea kama mnunuzi, akaichukua mkononi mwa Godfrey. Akaigeuza. Akauvuta ule mpira, ukatoka wote, akauinua juu kila mtu auone. Kisha akakwangua nati kwa ukucha. "Fundi," akasema polepole, "hii nyekundu ni yako. Hii si ndiyo ya gari la Festo? Ile uliyotuambia umemfungia mpya?"

Hakuna aliyeshika pua siku hiyo. Festo alikuwa amesimama getini na magongo yake, mahali wanaposimama waliotengwa, na vichwa vyote vikageuka kumtazama, halafu vikarudi kwa Godfrey. Njia ya mwongo fupi. Hii ilikuwa imeishia palepale uwanjani.

"Nani ananunua?" Asnath akauliza, kazi ya mpiga mnada akaishika yeye. Akawatazama wale akina mama mmoja mmoja. "Hakuna? Basi sheria tunaijua."

Godfrey akatoa pochi, akaweka fedha kwenye kapu, akachukua boljointi yake. Kichwa kilikuwa kimeinama mpaka kidevu kikagusa tai. Asnath alilitazama jambo lile mpaka mwisho, hakupepesa macho. Watu husema kisasi hakishibishi. Yeye alikwenda nyumbani ameshiba.

Jumapili iliyofuata ilikuwa ya toba, kama ilivyopangwa, ila aliyesimama mbele alikuwa Godfrey. Festo akarudishwa mezani, na siku ya kipaimara cha Peniel alisimama na mwanawe. Mchungaji akamwita Asnath mbele ya usharika, akamuuliza kama amemsamehe ndugu yake. Asnath akampa Godfrey mkono. "Nimemsamehe," akasema, na watu wakapiga makofi.

Na kweli kamsamehe, msimsingizie. Salamu anampa, na mkewe alipojifungua alipeleka uji. Lakini siku hizi pikapu ya Rungwa anaiendesha yeye, kwa kuwa mguu wa Festo haujakaa sawa mpaka leo, na asubuhi ukikakamaa kwa baridi Festo huusugua mafuta. Kwa hiyo kila Asnath anapotoka na kila anaporudi na mapipa yake, akifika mbele ya gereji ya Godfrey anapunguza mwendo, anashusha kioo, anapiga honi ndefu mpaka fundi atoke chini ya gari na kumpungia mkono. Asipotoka, anasimama na kuendelea kupiga.