Mpiga Tarumbeta Asiyetaka Hongera

Kijana anayepiga tarumbeta mwishoni mwa safu katika bendi ya kanisa letu, hapa Cheyo, hamwamini mtu anayemsifu. Amezaliwa na sindromu ya Down, na tangu utotoni amepigiwa makofi hata kwa kufunga kamba za viatu. Ukimwambia "hongera," anafuta tarumbeta kwa pindo la shati, anakukazia macho, kisha anauliza, "Kwa lipi?" Anachotaka ni kuongoza bendi kwenye ibada ya makaburini, alfajiri ya Pasaka, na ana wasiwasi kwamba atapewa nafasi hiyo kwa huruma.

Jumamosi mwalimu wa bendi, Adriano, alimpa nafasi ajaribu. Ubeti wa kwanza aliupiga vizuri. Wa pili aliuvuruga mwanzo hadi mwisho, mbwa wa jirani wakaitikia, na muda wote huo jicho lake moja lilikuwa likimchungulia mwalimu. Tukashangilia.

"Safi sana, mwanangu!" akasema Adriano. "Pasaka unaongoza wewe."

Kijana akaanza kufungasha tarumbeta yake.

"Unakwenda wapi tena?"

"Nimekosea makusudi, mwalimu. Angekuwa Modest ungemfokea."

Modest, kiongozi wa sasa, akatazama chini, kwani yeye amefokewa sana. Adriano alikohoa kikohozi ambacho hakuwa nacho.

"Haya, rudi hapa! Huo ubeti ni takataka. Rudia, na ukiharibu anaongoza Modest."

Akarudia. Sauti ya mwisho ikamponyoka, na safari hii hakukusudia.

"Tena!" akafoka Adriano.

Kijana akainua tarumbeta, akitabasamu kama mtu aliyetukanwa ipasavyo.