Laki Moja na Nusu ya Jazgul

Tangu Jazgul aolewe Almaty, katika nchi jirani ya Wakazaki, kila zuri alilopata lilimchoma dada yake Mairam kama kaa la moto. Mairam alibaki kwao Osh akiuza mikate sokoni na kumtunza mama yao, Bi Batma.

Kiangazi kile Jazgul alikuja akamchukua mama, akampeleka kupumzika ziwani Issyk-Kul. Safari yote aliilipia hukohuko Almaty. Bi Batma aliporudi, kila jirani aliyeingia kunywa chai alisimuliwa: "Mwanangu ametumia laki moja na nusu kwa ajili yangu."

Mairam alimimina chai huku akijikaza kisabuni. Mwaka uliotangulia, yeye ndiye aliyempeleka mama kwenye chemchemi za moto za Jalal-Abad kwa som elfu thelathini, fedha ya kwao. Hakuna jirani aliyesimuliwa.

Kesho yake akamwendea Ergesh, mbadilisha fedha.

"Tenge laki moja na nusu za Wakazaki ni som ngapi?"

Ergesh akabonyeza kikokotoo. "Elfu ishirini na sita na ushee. Unazo?"

"Sina hata moja."

"Basi mbona unachekelea hivyo, dada?"

Alimkuta mama uani, anapasua aprikoti ndogo za kuanika juani.

"Mama, ile laki ya Jazgul ni tenge. Kwa som haifiki hata elfu ishirini na saba. Mimi nilitoa thelathini."

"Najua."

"Unajua?"

"Nimewauzia Wakazaki sufu wewe ukiwa mgongoni. Tenge ndiyo zinishinde?"

"Sasa mbona unamtangaza yeye tu?"

"Majirani wanapenda kusikia bei. Niwaambie nini, kwamba Jazgul alikaa nami majini, akanichana nywele? Wewe ulinilipia chumba kizuri, ukageuza siku ileile."

"Na mikate ingeuzwa na nani?"

"Sikulaumu, mwanangu. Umeuliza, nimekujibu."

Mairam aliingia jikoni akakanda unga kwa hasira mpaka mikono ikamuuma. Lakini vuli ilipofika alifunga kibanda, akampeleka mama Arslanbob kuokota kokwa za jozi msituni, na safari hii hakubanduka ubavuni mwake. Bi Batma alifurahi, akacheka, akala asali mpaka ikamchuruzika kidevuni.

"Laiti Jazgul naye angekuwepo," akasema.

Mairam akamfuta kidevu kwa ncha ya kitambaa chake.