Pierogi Njiani Kwenda Kabambare

Wakati wa Wabelgiji, mimi na rafiki yangu mmoja tulimsindikiza mwenzetu, bibi harusi, kutoka Kasongo kwenda kwa bwana wake Kabambare. Majina ya wote waliopanda kamiyo ile, lori lililotuchukua, ninayo kichwani, hata la dereva, lakini wamekwisha kwenda, niwaache wapumzike. Aliyekuja kumchukua alikuwa shangazi ya bwana, mama mnene mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto.

Sasa, kwetu bibi harusi akiwa njiani hatakiwi kula mbele ya watu wa bwana. Akila, watasema amelelewa bila haya, na maneno hayo yatamngoja mlangoni. Basi mwenzetu tangu alfajiri hakuonja kitu. Kamiyo ikanasa matopeni, tukasukuma, ikanasa tena. Jua lilipopita kichwani nikamwona ameshika ubao wa kamiyo, midomo imekauka, macho yanazunguka.

Mbele kidogo palikuwa na nyumba ya chakula ya madamu mmoja Mupolonia, mzungu wa Poland, mjane wa mzungu wa migodi ya dhahabu. Wazungu walikula barazani. Sisi tukapewa meza ya uani, karibu na jiko. Rafiki yangu akauliza kwanza habari ya nguruwe.

"Leo nguruwe haiko," madamu akasema. "Kuku na ng'ombe, mupishi yangu amechinja. Ni mutu wa kusali kama nyinyi."

Basi akaleta! Supu ya kuku yenye tambi nyembamba. Kabichi iliyochachushwa, ikapikwa na nyama mpaka ikalegea. Halafu zile alizoziita pierogi: kama sambusa, lakini zimechemshwa, ndani viazi vya Ulaya na maziwa ya kuganda, juu vitunguu vya kukaanga na siagi. Sahani ikipungua, anajaza. "Kula, kula! Iko mingi!"

Shangazi alionja ya kwanza kwa kushuku. Ya pili hakushuku.

"Hii sambusa ya mugonjwa," rafiki yangu akasema, "haina hata pilipili."

"Kama ni ya mugonjwa, lete yako," shangazi akamjibu, akavuta sahani.

Bibi harusi alikaa ameinama, sahani yake imejaa, mvuke unampanda usoni. Madamu akamsimamia, mikono kiunoni.

"Huyu iko mugonjwa? Ao chakula yangu mubaya?"

Tulimtazama shangazi, maana ruhusa ilikuwa yake. Naye akatafuna polepole, akameza, akafuta vidole. Halafu akafungua kikwembe chake cha juu, akamtupia bibi harusi, kikamfunika yeye na sahani yake pamoja.

"Mimi ni mutu muzima, macho imechoka," akasema. "Chini ya nguo sioni kitu. Nyinyi munaona?"

"Hatuone, mama!"

Kikwembe kikatulia kidogo, kisha kikaanza kutikisika. Madamu alicheka mpaka akashika ukuta, ingawa sidhani alielewa. Mimi nilikula kabichi ile kwa raha, sijui nieleze vipi. Ni kama nilishiba tumbo langu na la mwenzangu.

Baadaye mkono wenye hina ukatoka chini ya nguo, umeshika sahani tupu. Sauti ndogo ikasema, "Mama, munisamehe. Zile za vitunguu zimebaki?"

Shangazi akachukua sahani yangu, akammiminia zangu zote.

"Muke anayekula hivi atalima," akasema. "Twende naye."