Somo Lililopata Mwalishi

Mwaka wa tatu tulitakiwa kuchagua masomo ya hiari, na mie langu nilikuwa nshalijua: mitandao, namna ya kuunganisha kompyuta zipashane habari. Katika maabara ya chuo chetu, pale karibu na Buxton, nilimwona mhadhiri akiandika neno kwenye mashine hii, likatokea kwenye ile. Kwa furaha niliyokuwa nayo, siku hiyo sikula.

Mkuu wa idara akatangaza kwamba somo lisilotimiza wanafunzi wanane litafutwa. Mitandao tulikuwa wawili. Wengine wote walikimbilia programu za uhasibu, ati ndizo zenye kazi bandarini. Nami akanishauri, kwa upole wa kuudhi, niende huko huko, kwani kutambaa chini ya meza na nyaya si kazi ya msichana. Wallahi nilichemka. Nilifika nyumbani Mji wa Kale nikibamiza milango.

Mamangu alikuwa mwalishi. Ikiwapo harusi mtaani, yeye ndiye aliyetumwa nyumba hadi nyumba kualika wanawake, maana kwetu kadi peke yake haimtoi mtu kwake. Aliniuliza hao wenzangu nimewaita vipi. Nikamwambia nimebandika tangazo ubaoni. Akanitazama kama niliyepika pilau bila bizari.

"Nenda kwao, mmoja mmoja," akasema. "Keti. Uliza hali ya mamake kwanza. Halafu mwambie unamtaka yeye."

Basi nikavaa buibui langu nikazunguka. Kule Ganjoni, kwa kijana mmoja wa darasa letu ambaye babake, mtu wa bara, alikuwa mfanyakazi wa reli, nilikunywa chai vikombe viwili kabla ya kutaja kompyuta. Mzee akasema mkate uko kwenye uhasibu. Nikamjibu kwamba siku ofisi zote zitakapotaka mashine zao zizungumze, atatafutwa wa kuzizungumzisha, na mie nataka awe mwanawe. Akacheka, akamruhusu. Msichana wa Kizingo alinikatalia pale pale mlangoni, nami kesho yake nikarudi na mamangu. Mamangu kompyuta hakuzitaja kabisa. Alikaa na mama wa yule msichana wakapiga soga mpaka alasiri, tukaondoka na jibu la ndiyo.

Siku ya mwisho mkuu wa idara alikuja kulifuta somo, akakuta madawati ya mbele yote yana watu, tumetimia wanane. Akauliza nani kawaambia waje. Yule kijana wa Ganjoni akasimama.

"Tumealikwa, mwalimu."

Wote wakageuka kunitazama. Sikuinamisha kichwa ng'o! Nilijiona, na mpaka leo najiona.

Jioni nikamhadithia mamangu. Akataka kujua kama wote niliowaalika walikuja.

"Wote, mama."

"Hata mmoja hakukosa?"

"Hata mmoja."

Akautengeneza mtandio wake.

"Mie harusi kama hiyo sijaipata bado," akasema.