Kumpeleka Kamongo Homa Bay

Idara ya biolojia ya chuo kimoja kule Homa Bay, kando ya ziwa, ilikuwa na desturi ya kualika wageni waeleze utafiti wao. Ilipofika zamu yangu, katikati ya miaka ya tisini, niliambiwa wazi: ukiwafurahisha, kazi ya kufundisha ni yako. Nami kazi sikuwa nayo. Basi niliandaa mhadhara wa saa mbili kuhusu kamongo, samaki anayepumua hewa na kulala ndani ya tope kiangazi kizima.

Mke wangu Akinyi alininyooshea tai. "Baba Otieno, tafadhali, usiongee sana."

Mimi? Niongee sana?

Asubuhi nilitoka Migori na kamongo hai ndani ya ndoo, nimemfunika gunia.

Njiani, stendi ya Rodi Kopany, nilishuka kubadilisha gari. Mama muuza ndizi akainua gunia, akachungulia. "Yawa! Unapeleka samaki Homa Bay? Kwani ziwa limekauka?" Stendi nzima ikaangua kicheko. Nikaanza kumweleza habari za mapafu ya kamongo, na gari likaniacha.

Saa nane nilikuwa chuoni, natweta. Mkuu wa idara, Madam Adhiambo, aliniketisha mbele ya wanafunzi, kisha itifaki ikaanza. Kasisi aliomba, akaiombea hata ndoo. Naibu mkuu wa chuo alisimama "kusema machache", akatusimulia maisha yake ya shule darasa baada ya darasa. Mwenyekiti wa wanafunzi naye akaongeza machache, yote kuhusu maharagwe ya bwenini. Jasho likanitoka. Niliiona kazi yangu ikienda hivi hivi, na wanafunzi wamelala fofofo.

Madam akaninong'oneza, "Pole, mwalimu. Chai iko tayari. Una dakika moja."

Dakika moja! Nilitaka kulia. Nikaondoa gunia kwa hasira.

"Huyu ni kamongo. Mambo yakiwa magumu, hulala mpaka yapite. Leo humu ndani ni yeye peke yake aliye macho. Asanteni."

Ukumbi uliamka kwa makofi na vicheko. Madam alinisindikiza hadi langoni, bado anafuta machozi.

"Anza Jumatatu," alisema. "Tumetafuta sana mtu anayejua kumaliza."

Kamongo nilimwacha maabara. Njia nzima ya kurudi niliapa kwamba nimejifunza kufupisha maneno.

Jioni, Migori, nilimsimulia Akinyi safari yote: tai, ndoo, gunia, mama wa ndizi na alivyocheka. Nilikuwa bado Rodi Kopany, habari ya kazi iko mbali, aliponikatiza.

"Kwa hayo machache, mwalimu," akasema, "ugali unapoa."