Fundi wa Sitaha

Kule Uvira, kando ya Ziwa Tanganyika, mume wangu alikuwa fundi wa mashua. Huku Durban alilinda magari mbele ya duka moja mtaa wa Glenwood, amevaa koti la njano, akiwaambia "sharp, sharp", salamu ya huku, watu wasiomtazama usoni. Tulipanga chumba kimoja mtaa wa Berea, sisi na watoto wawili. Mimi nilisuka nywele saluni mjini.

Siku moja alirudi mapema, anacheka peke yake.

"Mama, iko meli ya zamani kule bandarini, ya milingoti mitatu. Kapiteni ni Mfaransa. Mbao za sitaha zimeoza, anatafuta fundi. Tumeongea Kifaransa kidogo tu, akanipa nyundo pale pale!"

Meli hiyo ilijengwa babu zetu wakiwa vijana. Ilibeba ngano na magogo kuzunguka dunia kwa upepo mtupu. Meli za injini zilipoichukulia kazi, wakaikata milingoti, ikawa ghala la makaa katika bandari fulani ya Ulaya, hadi watu walipoihurumia wakaisimamishia milingoti upya. Sasa ilifundisha vijana ubaharia, lakini kazi ilikuwa ile ile ya zamani. Mume wangu alinisimulia ugali ukipoa mbele yake: wanasugua sitaha kwa mchanga, wanapaka kamba lami, kengele inalia zamu zikibadilishana, na watu wanapanda juu kukunja turubai za kushika upepo, miguu ikiwa juu ya kamba tu.

"Leo tumeshona matanga," akasema jioni moja.

Nikashtuka. "Nani amekufa?"

Kwetu matanga ni kilio. Alicheka mpaka akashika ubavu. Tangu tuvuke ziwa sikuwa nimemsikia akicheka vile.

Jumapili moja baada ya ibada alitupeleka. Watoto walikimbia huku na huku. Akanishika mkono, akaupitisha pale alipounga ubao mpya na wa zamani.

"Tafuta kiungo."

Sikukipata.

Kazi ilipokaribia kuisha, kapiteni akamtaka aondoke nao, awe fundi wa meli. Wakaenda pamoja kwa watu wa uhamiaji. Ofisa akasema: huyu ni mkimbizi, akitoka nchini, harudi. Mume wangu alinieleza akiwa amekaa kitandani, viatu bado miguuni.

"Papa, wewe unasemaje?" nikamuuliza.

"Nimeshamwambia kapiteni hapana. Nitawaacha na nani?"

Asubuhi meli ilipong'oa nanga alivaa koti la njano akaenda kazini. Mimi ndiye niliyeshuka bandarini. Niliiona ikivutwa nje, matanga bado yamekunjwa, na baharia mmoja akanipungia mkono bila kunijua.

Baada ya hapo hakugombana na mtu. Aliacha tu kuongea. Watoto wakimwita anaitika, basi. Miezi ikapita hivyo. Kisha akasema Cape Town iko meli nyingi za kutengeneza, akipata kazi atatuita. Akachukua begi la vyombo vyake. Alipiga simu saluni mara moja, akasema kuna baridi, akauliza kama mdogo amepona kikohozi. Hakupiga tena. Watu wa kanisa waliokwenda kule walimtafuta. Mmoja alisikia alipanda meli ya uvuvi, mwingine alisikia vingine.

Mwaka ulipopita mchungaji alikuja saluni, akaniuliza kwa upole kama tumfanyie ibada ya marehemu.

"Hapana, pasta. Muombee kama msafiri."

Akainamisha kichwa, akaomba pale pale kati ya viti. Mteja wangu alingoja na kichwa kilichosukwa nusu, nami nikarudi kumalizia.