Picha ya Mdhamini

Kilichoninyima usingizi ni picha ndogo ya mama yangu, picha ya pasipoti yenye kitambaa cha bluu nyuma yake. Nilijigeuza kitandani nikijiuliza kama mtu wa ofisi ya mikopo kule Dar es Salaam atakayeiona ataamini kweli kwamba tunahitaji mkopo.

Nilikuwa na stashahada ya maabara tayari. Tangu nimalize chuo nilikuwa najitolea katika zahanati moja upande wa Mwandiga, napima malaria, mkojo na choo, huku nasubiri ajira. Mwaka huu nikapata nafasi ya kusoma shahada. Nilifurahi asubuhi, na kabla ya jua kuzama nilikuwa nimeshaitafutia furaha hiyo kasoro zake zote. Mikopo si ya watoto wanaotoka kidato cha sita? Mimi niliyekwisha kuvaa joho nirudi tena kupanga foleni? Na nikinyimwa, mama aliyewapikia watu pilau siku ya mahafali yangu atawaambia nini?

Mama hukausha dagaa Kibirizi, ufukweni mwa ziwa. Baba alifariki nikiwa shule ya msingi, kwa hiyo nafasi ya mdhamini kwenye fomu ya mkopo ilikuwa ya mama bila mjadala. Zilitakiwa sahihi yake, nakala ya kitambulisho chake na picha.

"Mama, nenda kapige picha. Ni jambo la dakika chache tu," nilimwambia.

"Ngoja mbalamwezi."

Dagaa huvuliwa kwa taa, na mwezi ukiangaza ziwani taa hazina kazi. Mitumbwi hupumzika, na hapo ndipo wanawake wa Kibirizi hupata nafasi ya kusuka nywele, kwenda hospitali na kuoza watoto wao. Basi mimi nikawa naangalia tarehe ya mwisho ya maombi, yeye anaangalia mwezi. Kila jioni nilitoka uani kuutazama, kana kwamba nikiukazia macho utakua haraka.

Siku yenyewe alipotoka chumbani nilisimama. Alikuwa amevaa kitenge cha sare ya kikundi chao, kilemba kimepanda juu, miguuni viatu vya kisigino, na masikioni zile hereni za dhahabu.

Hereni hizo hazina mwenyewe. Wanawake wa kikundi cha mama walichanga wakazinunua pamoja, na hukaa kwa mweka hazina wao, mama mmoja wa Kirundi ambaye ukoo wake umekaa huku siku nyingi. Hazitoki kwake ila kwa shughuli: harusi, ubatizo, maulidi, mtoto kutolewa nje. Ukionekana nazo barabarani watu hawasemi umependeza. Wanakuuliza shughuli iko wapi.

"Mama, hereni za nini tena?"

"Kwani mimi sina shughuli?"

"Picha ya mkopo si shughuli."

"Nimewaambia mwanangu anarudi chuo na mdhamini ni mimi. Mweka hazina mwenyewe ndiye aliyenivalisha."

Maana yake Kibirizi nzima ilikuwa inajua. Na kweli, tulipopita kwenye vichanja vya kuanikia dagaa, wenzake waliokuwa wamekaa wakisukana walitupokea kwa vigelegele.

"Haya, bibi harusi! Bwana harusi ndiye huyu mwembamba?"

"Huyu dokta wangu," mama akajibu. "Anarudi chuo."

"Si alimaliza huyu? Pilau si tulikula?"

"Alimaliza ya kwanza. Wewe ukimaliza sahani ya kwanza huwa huongezi?"

Walicheka mpaka mmoja akaangusha kitana. Mimi niliyekuwa nimelibeba swali lile tangu nipate nafasi ya chuo nilicheka nao, nikashangaa kumbe lilikuwa dogo hivyo.

Tulipofika Ujiji, mpiga picha alimwambia mama kwa upole kwamba picha ya pasipoti huishia mabegani, angeweza kuvua viatu apumzike. Mama akasema, "Mwanangu, wewe piga." Akakaa wima, kidevu juu, macho yanatazama kamera kama mtu anayesubiri kuulizwa.

Picha zilipotoka nilizipeleka steshenari ya Mwanga ambako dada mmoja hutujazia maombi kwenye kompyuta. Alimtazama mama pichani, akanitazama mimi.

"Kaka, huyu mdhamini au anaoza binti?"

"Ni mama yangu."

"Hongera, mama mzuri. Lakini hii picha itakuponza. Wale wanataka kuona shida. Kampige nyingine na khanga ya nyumbani. Na hapa kwenye kazi tuweke hana kazi."

Sidhani kama alikuwa na nia mbaya; alitaka nipate. Nilimwambia anisubiri hadi kesho, nikarudi nyumbani, na kichwa changu kikaanza kazi yake. Nilimwona ofisa mwenye miwani akiikuza picha kwenye kompyuta, akimwita mwenzake waone hereni. Sikulala.

Asubuhi nilimkuta mama uani anafua kile kitenge. Nilimweleza, nikizunguka sana, kuhusu khanga na picha nyingine.

Hakukasirika. Alikamua kitenge, akaniuliza, "Mdhamini ni mtu gani?"

"Ni mtu anayesema, huyu akishindwa, niulizeni mimi."

"Na wewe unataka niende kusema hivyo na nguo ya kuanikia dagaa?" Akakianika kitenge kwenye kamba. "Hali yetu si umeiandika?"

"Nimeandika."

"Kweli tupu?"

"Kweli tupu."

"Basi wasome. Kazi ya kuandika si yako wewe uliyesoma?"

Nilikaa kidogo kwenye ngazi ya mlango nikimtazama akinyoosha pindo. Nilikuwa nimepoteza usingizi nikidhani picha ile inaeleza tuna nini. Mama alikuwa anawaeleza watu asiowajua kwamba mimi ni mtu anayefaa kudhaminiwa, na alitaka waone anamaanisha. Sijui kama nitaupata mkopo. Wasiwasi haukunitoka, huwa haunitoki. Ila nilisimama, nikanawa uso, nikaenda Mwanga.

"Umeleta nyingine?" dada akauliza.

"Hapana. Weka hiyo hiyo. Na kwenye kazi andika anakausha na kuuza dagaa."

"Una uhakika, kaka?"

"Andika, dada."

Akaandika. Picha ikapanda, mama akatokea kwenye kioo cha kompyuta, kidevu juu. Nilisoma kila mstari upya huku watu wawili nyuma yangu wakiguna, kisha nikamwomba anipishe kidogo, nikabonyeza kutuma kwa kidole changu mwenyewe.